Siwarudi Tena

Aija, Sur
8 Februari 2024

Mjukuu wangu Laith,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta wewe na dada yako Alyaa mu wazima. Mimi sijambo, ila goti la kulia halitaki tena ngazi. Mjomba wako Himid hajambo. Mkewe kajifungua mtoto wa kike, wakataka kumwita Hajar, nikawaambia wasubiri. Mama yako hajatimiza miaka miwili kaburini. Siwezi bado kuliita jina lake nikasikia kitoto kinalia.

Yaqoob wa teksi kaniambia alikuona Nizwa Ijumaa iliyopita, nyuma ya soko la tende, umebeba katoni. Kasema ulipomwona ulijificha kwenye mbuzi wa mnada. "Bi Khole," kasema, "mjukuu wako mrefu kuliko mbuzi wote wa Nizwa, atajificha wapi?" Nilicheka naye. Halafu niliingia chooni nikafungua maji ya mfereji ili Himid asinisikie.

Miezi mitatu, mwanangu. Kila simu ikilia nilidhani ni polisi.

Najua laini yako uliitupa kwa sababu imeandikishwa kwa jina la baba yako. Na simu yangu mimi Himid huishika akitaka. Kwa hivyo naandika, na Yaqoob kakubali kuchukua. Kila Alkhamisi anapeleka abiria Nizwa kwa ajili ya mnada. Kasema, "Sasa mimi dereva au posta?" Nimemwambia ni posta, na mshahara wake ni visheti.

Kiarabu cha kuandika sikukipata. Nilikuja nchi hii mtu mzima, na madarasa yangu sita ya Unguja. Utanisoma kwa Kiswahili changu hiki hiki. Unakumbuka ulivyojifunza kusoma? Mama yako alikupanga mbele ya makopo yangu ya jikoni, sukari, unga, chumvi, hiliki. Ulikuwa ukisoma "hilikiki". Mpaka leo nikipika chai nasema hilikiki.

Sitakuuliza kilichotokea kwenu Ibra. Mambo ya ndani ya nyumba hayaandikwi, karatasi huokotwa. Ningekuambieni njooni kwangu, lakini nyumba ni ya Himid, naye kasema mkitia mguu tu atakurejesheni kwa baba yenu siku ile ile. Kasema mtoto ni wa babaye. Nimegombana naye mpaka tumekaa siku nne hatusemezani.

Nakuahidi jambo moja: mimi sitakulazimisha kitu. Wamekulazimisheni wa kutosha. Niandikie tu. Alyaa anakula? Nampelekea kanga ya mama yake, ile ya rangi ya zabibu, na samaki wa ng'onda kidogo mkaange.

Bibi yako,
Khole


Nizwa
1 Machi 2024

Bibi,

Shikamoo. Sisi wazima alhamdulillahi. Salamu kwa mjomba, lakini usimpe. Mabruk kwa mtoto.

Bibi usinicheke Kiswahili changu. Kusema naweza, kuandika naandika vile nasikia. Tangu Mama hatuongei na mtu, mimi na Alyaa tu, na Alyaa ananijibu kwa Kiarabu.

Tunakaa kwa mwanamke mmoja jina lake Bi Shukriya, mjane, na yeye asili yake Unguja. Alitusikia sokoni tunabishana kwa Kiswahili akatuita. Ana duka ya tende na chumba nyuma ya duka. Mimi nabeba katoni, Alyaa anachagua tende, mbovu huku, nzuri huku. Yeye ndiye mwepesi, anachagua bila kutazama. Lakini mkono wake wa kushoto haufungi vizuri, vidole viwili, kwa hiyo anachagua kwa mkono wa kulia.

Usiulize kwa nini haufungi. Umesema huulizi.

Nakwambia kitu moja tu. Mimi nilizoea. Mimi mkubwa, na Baba akimaliza alikuwa anakaa anasikitika, basi nilikuwa nasubiri imalizike. Lakini ile siku ilikuwa zamu ya Alyaa, kwa sababu ya chumvi kwenye wali. Mama alikuwa hayupo kumshika Baba mkono. Nikasema khalas, basi, tukatoka.

Bi Shukriya mzuri lakini mwanawe Anas anaogopa. Sisi hatuna karatasi. Alyaa alikuwa darasa la nane, nataka kumrudi skuli, na skuli wanataka kitambulisho na saini ya baba. Bi Shukriya amesema tukae mpaka tujue Baba anasema nini. Akisema kweli anatutaka, atatupeleka mwenyewe Ibra na atazungumza naye, yeye mwanamke mkubwa, Baba ataona haya kwake.

Kwa hiyo Bibi nakuomba. Wewe nenda kwa Baba. Muulize neno moja, anatutaka turudi au hatutaki. Usimwambie tuko wapi. Alilosema uniandikie vile vile, usiipambe. Alyaa anasema hatatutaka. Mimi nasema sijui.

Kanga imefika. Alyaa hakuivaa. Anaitia ndani ya foronya analalia.

Laith


Aija, Sur
4 Aprili 2024, mwezi 24 Ramadhani

Mjukuu wangu Laith,

Assalaam alaykum, na Ramadhani karim kwako na kwa Alyaa. Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka mkunjo umechanika. Kiswahili chako sikukicheka. Pale tu uliposema unataka kumrudi Alyaa skuli nilitabasamu, nikasema mtoto huyu kaishia katikati ya neno, kama mamaye alivyokuwa akiishia katikati ya andazi.

Huku wote wazima. Mtoto wa Himid wamemwita Hajar hata hivyo. Wameniambia baadaye.

Nimekwenda Ibra. Nilimwambia Himid nakwenda kununua nguo za Idi soko la wanawake, na kweli niliingia, nikanunua kipande cha kitambaa nisije nikawa mwongo. Halafu nikaenda kwa baba yako. Nilimkuta peke yake. Alifuturu kwa tende na maji, mimi nikampikia uji, akaunywa kama mgonjwa. Kakonda Nabhan. Nyumba ile imekuwa kubwa.

Nilimwuliza kama ulivyoniagiza. Sikumwambia mlipo. Alikiweka chini kikombe cha uji. Halafu akasimama, akauchukua msahafu, akaapa mbele yangu. Maneno yake ni haya, na umeniambia nisiyapambe, basi siyapambi: "Waambie siwarudi tena. Wallahi, siwarudi tena maisha yangu." Halafu akalia.

Nimemwamini. Namjua tangu akija kumposa mama yako, si mtu wa kuapa ovyo.

Karatasi za Alyaa anazo. Nilimwomba, hakunipa. Kasema atazitoa kwa mkono wake mwenyewe itakapofika siku yake.

Hilo ndilo jawabu, mwanangu. Sasa mnajua alivyosema, amueni wenyewe. Nilikuahidi sitakulazimisha na nitashika ahadi. Mtakaloliona, na mimi nitakuwa nalo.

Nampelekea Alyaa kile kitambaa. Cha maua madogo. Msalimie sana.

Bibi yako,
Khole


Nizwa
19 Aprili 2024

Bibi,

Shikamoo. Idi mubarak imeshapita.

Jawabu ya Baba tumepata. Ahsante hukuficha. Tumefahamu.

Umesema kalia. Alikuwa analia kila mara, Bibi.

Nilimsomea Bi Shukriya, yeye macho yake haoni, lakini kwa Kiarabu kwa sababu Anas Kiswahili hajui. Alisema inna lillahi. Anas alisikia. Jumapili tunaondoka hapa. Usimpe Baba salamu zetu.

Alyaa anakushukuru kitambaa.

Laith


Aija, Sur
6 Juni 2024

(Yaqoob kanirejeshea hii tarehe 15. Duka la tende wamemwambia watoto walishaondoka, hawajui walikokwenda. Naiweka.)

Mjukuu wangu Laith,

Assalaam alaykum. Mu wazima? Joto limeanza, na huku Aija hata upepo wa khori ya bahari unakuja wa moto. Mtoto wa Himid anakaa sasa, ukimweka sawa.

Barua yako fupi niliipata. Uliandika mmefahamu, na mnaondoka Jumapili. Nikadhani mnakwenda Ibra. Nilimpigia Nabhan simu siku ile ile, nikamwambia, jitayarishe, watoto wanakuja. Sikutaka kumwahidi kitu, lakini furaha ilinishinda ulimi.

Alipaka rangi chumba cha Alyaa. Akamnunulia kitanda kipya, akaniuliza kwenye simu, "Mama, msichana wa miaka kumi na nne analala kitanda cha futi ngapi?" Mtoto wake mwenyewe, hajui urefu wake. Nikamwambia cha futi sita, atakua.

Jumapili ile alikaa mlangoni. Na iliyofuata. Sasa kila Ijumaa baada ya swala anaendesha gari mpaka hapa kwangu, anakaa ukumbini, anakunywa kahawa. Akiondoka anasema, "Hawajaandika?" Namwambia, "Bado." Anasema, "Wana haki." Wiki iliyopita kaniambia, "Hawakukubali kiapo changu, Mama. Na mimi nisingekubali."

Laith, kuna nini? Mmekasirika na mimi? Sikulazimishi, nauliza tu. Kama mmeamua kutokwenda niambie, nimwambie mwenzenu apumzike na ule mlango.

Bibi yako,
Khole


Fanja
13 Septemba 2024

Bibi,

Shikamoo. Yaqoob alisimama hapa kujaza petroli ana abiria wa Maskati, na mimi nilikuwa napita na toroli. Safari hii sikujificha. Alishuka akanikumbatia mbele ya watu, akaniambia nimekuwa mweusi kama sufuria ya mpemba. Halafu alitaka kuniambia kitu, abiria wakampigia honi. Akasema, "Mwandikie bibi yako barua leo, uiache hapa kwa mwenye petroli, nitapita Magharibi kuichukua." Ndiyo hii.

Tuko kwenye mazraa, shamba la mtu mmoja anaitwa Aflah. Mimi namwagilia, nasafisha mfereji wa falaji, wakati wa tende nilipanda juu ya mitende. Tunalala kwenye chumba cha pampu. Pampu ikiwaka hatusikiani, tunaongea kwa mikono. Alyaa anaosha vyombo kwa mke wake Aflah. Si watu wabaya. Lakini si watu wetu, na wameshaanza kuuliza lini tutaondoka, kwa sababu kuna kijana wao wa kiume anarudi kutoka chuo na Alyaa amekuwa msichana.

Skuli zimefunguliwa. Kila asubuhi anasimama kwenye ukuta anatazama basi. Zamani alikuwa anahesabu wasichana waliopanda ananiambia walikuwa wangapi, sasa hahesabu. Bibi, ameanza kusahau kuandika. Juzi nilimwambia aandike jina lake kwa Kiswahili, akaandika A, akaniuliza ni L ngapi.

Kwa hiyo naomba tena mara ya mwisho. Usimuulize kama anatutaka. Hiyo tunajua. Muulize karatasi tu. Mwambie simtaki yeye, sitaki nyumba yake, anipe karatasi ya Alyaa nimtie skuli popote.

Nilikuwa sitaki kusema lakini nasema. Mimi nilidhani atasema ndiyo. Wallahi Bibi, nilidhani. Nilikuwa nimeshafunga nguo zetu kwenye mfuko wa tende kabla barua haijafika. Halafu nikasoma: "Siwarudi tena maisha yangu." Baba gani anaapa na msahafu kuwa hawarudi watoto wake nyumbani? Hata mbuzi akipotea mtu anamrudi. Alyaa alikata ule mstari na makasi, anao kwenye kile kitambaa cha maua. Nikimwambia labda Baba amebadilika, anautoa ananionyesha. Anasema, soma.

Laith


Aija, Sur
26 Septemba 2024

Mjukuu wangu Laith,

Assalaam alaykum.

Nimeanza barua hii mara tano. Yaqoob anaondoka baada ya Alasiri, kwa hivyo lazima niimalize. Kaa chini ukiisoma. Kama Alyaa yuko karibu, soma kwanza peke yako.

Mwanangu, neno lile sivyo.

Kiswahili changu mimi, na cha baba yako aliyekulia Pemba, na cha wazee wetu wote, kumrudi mtoto ni kumtia adabu. Ni kumpiga. Mtoto akikosa hurudiwa. Mtu akija nyumbani kwake, sisi tunasema anarejea. Tazama barua zangu zote, hutakuta nimesema kurudi, nimesema kurejea. Baba yako aliposema siwarudi tena, alisema hatakupigeni tena. Aliapa kwa msahafu kuwa hatanyanyua mkono wake tena juu yenu. Hilo ndilo aliloapa. Hilo ndilo alilolilia.

Nilipomwuliza kama anakutakeni, hakujibu hata kidogo kuhusu kukutakeni, kwa sababu kwake hilo halikuwa swali. Alidhani mnauliza kama mtapigwa. Na mimi nilidhani hivyo hivyo. Karatasi alizikataa kwa sababu alitaka kumpa Alyaa mkononi siku atakayoingia mlangoni.

Kwa nini sikuandika "hatakupigeni"? Niliona haya. Sikutaka neno la kupiga likae kwenye karatasi, Yaqoob au mtu mwengine alione, ijulikane nyumba ya Hajar palikuwa na kupigwa. Nikachukua neno la wazee, lenye heshima. Na kwa nini sikusema njooni, amebadilika, ninafurahi? Nilifurahi, Laith. Nililia kwenye gari kwa furaha njia nzima mpaka Sur. Lakini nilikuwa nimekuahidi sitakusukuma, nikaizuia kalamu. Na ulipoandika kumrudi skuli, niliona, nikatabasamu, nikaacha. Ningekurekebisha mstari mmoja tu.

Nakutilia ndani barua ya mwezi wa Juni ambayo haikukufikieni. Isome uone alivyokuwa akikungojeeni.

Sasa nakwambia lile ambalo Yaqoob alitaka kukwambia kwenye petroli akashindwa.

Baba yako amefariki. Alipooza Jumatatu, tarehe 15 Julai, akafa Alkhamisi. Jirani alimkuta ukumbini. Himid alinipeleka, nikamwahi siku ya mwisho, lakini kusema alikuwa hasemi tena. Nilimshika mkono. Ule mkono, mwanangu. Ulikuwa mwepesi kabisa. Nikamwambia watoto wanakuja, wako njiani. Nimemwongopea mtu anayekata roho na sijui kama nimesamehewa. Tulimzika Ibra baada ya Alasiri. Nilimtuma Yaqoob akutafuteni Nizwa siku tatu. Hatukujua Fanja.

Sikuambii haya mumlilie. Alichokufanyieni alikifanya, na vidole vya Alyaa ni ushahidi, na sikuandika hapa kumsafisha. Nakuambia kwa sababu mnatembea na mstari ule, nao si wake. Mwambie dada yako autupe. Mwambie baba yake hakumkataa. Mwambie ni bibi yake aliyeshindwa kuandika.

Natafuta la kukuliwaza silioni. Namkumbuka tu Nabhan siku uliyozaliwa wewe. Alikuja mbio kwangu, kiatu kimoja cha ngozi na kimoja ndara, akasema, "Mama, ana kucha! Ana kucha kama mtu mzima!"

Bibi yako,
Khole


Aija, Sur
7 Novemba 2024

Laith mwanangu,

Assalaam alaykum. Wiki ya sita hii sina khabari. Yaqoob kasema mazraa ya Aflah wamemwambia mlikwenda Ibra tangu mwanzo wa Oktoba. Nimempigia simu ami yako Asaad wa Sohar, nduguye baba yako, hakupokea. Himid kampigia, kapokea, kasema, "Msichana yuko mahali pake," akakata.

Mahali gani? Himid sasa anajuta. Kakaa kitandani kwangu kama mtoto, kasema, "Mama, ningewaacha waingie." Nikamwambia, "Ungewaacha." Kaenda ofisi ya mahakama kuuliza kama mimi bibi nina haki ya Alyaa. Wamemwambia baba akifa walii, msimamizi wake, ni ami yake, tukitaka tushitaki, na kesi ni miezi, na yeye ami ana mke na nyumba na kazi, na mimi nina goti.

Barua hii nampa Yaqoob aizungushe. Kasema ataiacha kwa kila mtu anayemjua kuanzia Ibra mpaka Nizwa. Ukiipata, andika hata neno moja.

Khole


Nizwa
6 Desemba 2024

Bibi,

Shikamoo. Barua zako zote mbili ninazo. Samahani nimechelewa.

Ile ya Septemba nilimsomea Alyaa ndani ya chumba cha pampu, pampu imezimwa. Nilipofika kwenye maana ya lile neno alinambia, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Yaani alisema hatatupiga?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi twende." Alisimama akatafuta viatu. Nilikuwa bado sijasoma chini. Niliona chini kuna maneno mengi na mwandiko wako umebadilika. Nikamwacha avae kiatu kimoja, halafu nikasoma.

Tulikwenda hata hivyo. Yeye ndiye alitaka, alisema lazima tufike hata kama hayupo. Nyumba ilikuwa wazi, ami Asaad alikuwa ndani na watu, wanatoa vitu. Alitazama Alyaa kutoka kichwa mpaka miguu. Akamwuliza, "Mwaka mzima ulikuwa wapi, na nani?" Alyaa akasema, na kaka yangu. Akasema, "Tutajua." Karatasi zake zilikuwa kwenye bahasha, Baba ameandika jina lake juu kwa kalamu nyekundu. Ami akaichukua bahasha akaitia kwenye kanzu yake.

Nikamwambia, "Ami, nataka arudi skuli." Akasema, "Kwanza adabu." Nikamwambia niende nao Sohar. Akasema mimi mwanamume, karibu miaka kumi na minane, nijitegemee, na mtu aliyemtorosha msichana hatamtia kwake penye mabinti. Nikamwambia hakutoroshwa. Nikaanza kueleza ile neno, kwamba tulisoma vibaya, kwamba Baba alituma jawabu na sisi hatukufahamu. Nilieleza kwa Kiarabu, Bibi. Kwa Kiarabu haielezeki. Maneno mawili yale hayafanani hata kidogo. Wale watu walinitazama kama mwongo. Mmoja alicheka.

Ami Asaad ni ndugu wa Baba, unajua. Watoto wake nimewaona Idi za zamani, wakiitwa wanasimama wima na mikono nyuma. Yeye anawarudi. Kwa Kiswahili chako.

Alyaa hakulia. Alipanda gari nyuma, akafunga mkanda kwa mkono wa kulia. Kioo kilikuwa cheusi sikuona tena.

Jirani alinipeleka makaburini. Alijua upande tu, si lenyewe. Mawe yote sawa, mawili mawili kwa wanaume, hakuna jina, unajua vile wanazika huko. Kulikuwa na mapya kama saba. Nilisimama, nikasoma Fatiha katikati, nisiwe mbali na lolote. Nilitaka kumwambia kwamba tulikuwa tunataka kuja. Sikujua niseme kuelekea wapi.

Nimekwenda Sohar mara mbili. Mara ya kwanza nilisimama nje mpaka mlinzi akanifukuza. Ya pili nyumba ilifungwa, majirani hawakuniambia wamekwenda wapi. Skuli ya karibu pale nilisimama wakati wa kutoka, siku tatu. Sikumwona.

Bi Shukriya amefariki mwezi uliopita. Anas amenipa kazi ya kubeba mpaka mwisho wa mwezi huu, baada ya hapo hana. Kuna mtu anachukua vijana kwenda Duqm kwenye ujenzi. Nitakwenda. Sijui kama nitaweza kuandika kutoka huko, na Yaqoob hafiki. Usimwambie anitafute, mzee amechoka.

Bibi, usiseme ni wewe. Umesema mara nyingi mno kwenye barua. Uliandika Kiswahili sawa. Mimi ndiye sikijui, na hakuna mtu wa kunifundisha tena. Ningeuliza. Ningeuliza tu, Bibi, hili neno maana yake nini. Nilikuwa na hasira na nilidhani najua.

Alyaa alisema nikikuandikia nikwambie kwamba kitambaa cha maua alikishona mto. Sikuwa nimekwambia.

Mimi sina la kuomba zaidi. Ukimaliza kuswali, ukiwataja watu wako, Mama na wengine, nitaje na mimi. Unikumbuke, Bibi.

Laith